Chang'aa Ameacha, Hasira Je?

Ushuhuda wa mlevi aliyeokoka una mpangilio unaojulikana na kila anayehudhuria ibada Kitale au Bungoma. Kwanza giza: magunia ya mahindi yaliyouzwa usiku, mtaro aliolala ndani yake, mama watoto aliyerudi kwao na virago. Halafu siku yenyewe, ambayo huwa na tarehe: mkutano wa injili, kitanda cha hospitali, au mama mzazi aliyemwambia ukweli mbele ya watu. Kisha nuru. "Bwana asifiwe," anasema, kanisa linaitikia, kinanda kinaingia, na maikrofoni inarudi kwa pasta.

Mwaka wa tatu hauna kinanda. Mtu hajagusa glasi, hilo hakuna anayelibisha, lakini usingizi haumpati. Anagombana kwa sababu ya chumvi. Akichelewa kuletewa maji ya kuoga, nyumba nzima inanyamaza kama ilivyokuwa ikinyamaza zamani aliporudi amelewa. Mkewe, ambaye kwa miaka mingi alimwomba Mungu jambo moja tu, anajikuta na wazo ambalo hawezi kulitamka kwenye ushirika wa akina mama: kwamba yule mlevi alikuwa na nafuu, angalau alikuwa akicheka.

Mtu huyu amepona? Na kama ameokoka, hasira hii ni ya nani?

Katika makanisa mengi ya upande huo wa nchi jibu limeshaandaliwa. Kwa kutegemea barua ya pili ya Paulo kwa Wakorintho, watu hufundishwa kwamba aliye ndani ya Kristo ni mtu mwingine kabisa, hana deni na maisha yake ya zamani. Basi tamaa ikibaki, ghadhabu ikibaki, yanabaki maelezo mawili yanayokubalika: hakuokoka kikwelikweli, au pepo la ulevi limerudi na wenzake. Maelezo yote mawili humfundisha mhusika kitu kimoja, nacho ni kuficha. Anazidisha makesha, anajitolea kuwa mhazini wa kamati ya ujenzi, anavaa tai. Yaliyo nyumbani yanabaki nyumbani.

Si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikuta kwamba Wakenya 12.2% wa umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia pombe. Katika eneo la Magharibi, ambamo Bungoma imo pamoja na Kakamega, Busia na Vihiga, kiwango kilikuwa 23.8%, cha juu kuliko eneo lolote jingine nchini. Kitale iko Trans Nzoia, na kwenye ramani za serikali huhesabiwa Bonde la Ufa, lakini chang'aa, pombe kali ya kienyeji, haisomi ramani. Mahindi yako pande zote mbili, wimbi uko, na molasi na sukari nguru hutoka kwenye nchi ya miwa. Mama pima, yaani mpishi na muuzaji wa chang'aa, hahitaji zaidi ya hayo, pamoja na pipa, moto na mto wa karibu. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga chang'aa marufuku moja kwa moja; ile ya 2010, ambayo Wakenya huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, iliifuta ya zamani na kuruhusu kinywaji hicho kwa leseni na masharti. Vichakani hakuna aliyesubiri leseni.

Lakini kabla ya chang'aa kulikuwa na busaa, na bila busaa huwezi kuelewa anachopoteza mtu anayeacha. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa kwenye bati juu ya moto, kisha huchanganywa na kimea cha wimbi. Wazee walikizunguka chungu wakiwa na mirija mirefu, kila mmoja mahali pake kwa umri na ukoo. Palipoketiwa hivyo ndipo palipoamuliwa kesi za mipaka, mahari, na nani atamsimamia kijana wa nani. Kwa Wabukusu, busaa imo ndani ya tohara yenyewe, ile ya Agosti ya kila mwaka wa namba shufwa. Mwari mwenyewe hushiriki katika kuichanganya. Wazee walimwagia mizimu sehemu yake.

Wamisionari wa Kwekeri waliofika Kaimosi mwaka 1902, Wamarekani watatu, walikuja na msimamo usio na mlango wa nyuma: mshirika wa Friends, kama kanisa lao linavyoitwa, hanywi. Kutoka hapo kanisa hilo lilienea Bungoma hadi Lugulu na kwingineko, na leo hakuna nchi duniani yenye Wakwekeri wengi kuliko Kenya. Jeshi la Wokovu nalo halimruhusu askari wake kunywa. Kwa hiyo eneo hili limekuwa na kitu cha ajabu kwa zaidi ya miaka mia: vyungu na viapo vya kuacha vyungu, mara nyingi ndani ya boma moja. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyeongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, alikuwa amepitia kanisa la Friends kabla ya kuwaita watu warudi kwenye ibada za wazee. Waliokatazwa chungu walikuwa wamekatazwa pia kukaa pamoja.

Na ndivyo ilivyo kwa anayeacha leo. Saa kumi jioni, saa ambayo miguu yake ilikuwa ikijua njia, hana pa kwenda. Marafiki wake wote wako kule. Hana mahali pengine palipomjua kwa jina la utani na kumcheka bila kumdharau. Kanisa linamkaribisha Jumapili saa nne asubuhi, na linamwacha na jioni saba.

Jioni hizo zina wateja wao. Wengine huangukia kubeti kwenye simu, wengine kutafuna muguka, wengine sigara mfululizo, na wengine kazi: shamba la kukodi juu ya shamba la kukodi, mpaka mkewe anamwona kwa tochi tu. Aliyekuwa mkali kwa pombe anakuwa mkali kwa Mungu, na huyu wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote kuambiwa chochote, maana kila anayelalamika anaonekana kumlalamikia Mungu.

Mwili nao una maelezo yake, na hapa wahubiri wangefaidika kukaa na muuguzi kwa saa moja. Ubongo una kemikali za kutuliza na za kuchangamsha. Pombe huzipa nguvu zile za kutuliza. Ubongo unaonyweshwa kila siku, ili usizimike, huzidisha zile za kuchangamsha. Ndiyo maana mnywaji wa siku nyingi hulazimika asubuhi "kutoa loki", ile glasi ya kwanza ya kuzima mtetemeko. Pombe ikikatwa ghafla, uchangamshaji unabaki bila mpinzani: jasho, moyo kwenda mbio, mikono isiyoshika kikombe. Mitukutiko kama ya kifafa inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kwa hatari, mtu akiona wadudu ukutani na joto la mwili likipanda, huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hiyo huua. Sasa fikiria mlevi wa miaka kumi na tano anayefungiwa kwenye nyumba ya maombi, afunge siku tatu kavu bila hata maji. Saa za kufunga na saa za hatari ni zile zile. Wanaokemea pepo anapotukutika huwa wana nia njema kabisa, na wanamtazama mgonjwa anayehitaji dawa ya kutuliza, maji na vitamini B1 hospitalini.

Hayo ni ya wiki ya kwanza, na angalau yanaonekana kwa macho. Yanayofuata hayaonekani. Usingizi unaweza kuvurugika kwa miezi. Wasiwasi huja bila sababu na kuondoka bila kuaga. Sehemu za ubongo zinazotoa raha, zilizozoea kupigwa teke kila jioni, haziamshwi tena na vitu vidogo: chai ya moto, mpira wa Ligi ya Uingereza, mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shule. Mtu anaona kwamba anapaswa kufurahi na hafurahi. Akiulizwa ana nini, anajibu hana kitu, na anasema kweli. (Anayedhani huu ni udhaifu wa tabia amuulize jirani aliyeacha sigara alivyokuwa wiki ya pili.)

Ukisikiliza hili peke yake, unaweza kumwachilia mtu kila kosa: si yeye, ni mishipa. Ukisikiliza mimbari peke yake, unaweza kumhukumu kwa kila kitu: si mishipa, ni yeye. Kukosa usingizi si dhambi. Kumwamsha mke saa nane usiku ili asikilize kwa nini mume hana usingizi, tena kwa kufoka, ni jambo jingine. Kazi ngumu ya mwaka wa tatu ni kutenganisha haya mawili, na inashangaza jinsi dini zenyewe, zikisomwa taratibu, zilivyokwisha kuiona kazi hiyo.

Chukua kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Waisraeli wameshatoka utumwani, bahari imeshavukwa, Farao hayupo. Nao wanalia. Wanalilia samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Wamechoshwa na mana. Wahubiri hupenda kuwakemea watu hawa kama wasio na shukrani, na ni kweli sura hiyo ina adhabu kali. Lakini msomaji aangalie kinachokumbukwa. Hawakumbuki fimbo za wanyapara, wala watoto wao wachanga walioamriwa kutupwa mtoni. Wanakumbuka ladha. Kila aliyewahi kuacha chang'aa anaijua kumbukumbu ya namna hiyo, inayoleta kicheko cha kilabuni na kuacha matapishi. Katika sura hiyo hiyo kuna jambo linalorukwa mara nyingi. Musa anaelemewa, anamwambia Mungu kwamba mzigo wa watu hawa umemshinda, afadhali afe. Naye anaambiwa akusanye wazee 70 wa kubeba pamoja naye. Watu walio huru bado wanatamani utumwa, na sehemu ya dawa ni kuongeza mabega.

Uislamu, ambao una waumini wake Bungoma mjini na zaidi kule Mumias, unajulikana kwa ukali wake juu ya ulevi. Hata hivyo wanazuoni wake wanafundisha kwamba marufuku haikushuka kwa siku moja. Kwanza Kurani ilieleza kwamba madhara ya ulevi yanazidi manufaa yake, baadaye ikakataza kuikaribia swala hali mtu amelewa, na mwisho, katika sura ya Al-Maida, ikaamuru kuuepuka kabisa. Jamii nzima ilipewa muda wa kubadilika. Ni vigumu kuona kwa nini mtu mmoja wa Chwele, hapo Bungoma, asipewe.

Marekani kuna mfano ambao umeandikwa kwa undani, na wenyewe walioupitia ndio walioueleza. Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York, aliacha pombe Desemba 1934 akiwa kwenye kitanda cha Towns Hospital. Alimlilia Mungu ajionyeshe, na kwa maelezo yake chumba kilijaa mwanga. Hakunywa tena mpaka alipokufa Januari 1971. Mwaka 1935, pamoja na daktari Bob Smith wa Akron, Ohio, alianzisha kundi lililokuja kuitwa Alcoholics Anonymous. Mtu hawezi kuomba ushuhuda mzuri zaidi ya huo. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1940 Wilson alizama kwenye huzuni nzito iliyomwandama kwa takriban miaka kumi, akiwa tayari ni baba wa maelfu waliopona. Januari 1958, katika jarida la kundi lenyewe, alichapisha barua iliyosema wazi kwamba kuacha pombe kulikuwa mwanzo, na kwamba yeye na wakongwe wengine walikuwa bado watoto katika hisia zao. Alijichunguza na kuona kwamba sikuzote aliwategemea mno watu na hali za nje zimpe heshima na utulivu; zisipompa, aliporomoka. Sigara hakuiacha kwa muda mrefu, na ugonjwa wa mapafu ndio uliomwondoa.

Mkewe, Lois, ana kisa chake. Mume ameshaacha pombe, nyumba imejaa walevi anaowasaidia, na kila jioni kuna mkutano. Siku moja Bill akamhimiza afanye haraka wasichelewe. Lois akamrushia kiatu na kuilaani mikutano yake. Baadaye alieleza kwamba alishtuka kuliko mtu yeyote, maana hakujua hasira hiyo ilikuwa wapi. Kwa miaka mingi alikuwa na kazi ya kumwokoa mume. Mume akaokolewa na watu wengine, naye akabaki bila kazi na bila mume. Mwaka 1951 alianzisha, pamoja na mwenzake, kundi la familia za walevi, Al-Anon. Mke wa Bungoma aliyechukia kwa siri siku mumewe aliposhangiliwa kanisani hana haja ya kujiona mchawi.

Hatua 12 za kundi la Wilson, zilizochapishwa mwaka 1939, zina jambo ambalo watu huliona wakizisoma mara ya pili. Pombe yenyewe inatajwa katika hatua ya kwanza tu. Zinazofuata ni za kujihesabu, kuungama, kuondolewa kasoro, kulipa uliowadhulumu, na kuendelea kujihesabu kila siku. Waliozitunga walikuwa walevi, wakaona kwamba pombe ni sehemu ndogo ya habari yao.

Wanafalsafa walifika hapo kwa njia nyingine, na hawakukubaliana. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anawatofautisha watu wawili ambao kwa nje wanafanana. Mmoja anatamani vibaya na anajizuia. Mwingine hatamani tena. Moyo na akili vinakwenda njia moja. Aristotle anamweka wa pili juu. Kwa kipimo hicho, mtu wetu wa mwaka wa tatu ni wa daraja la chini, mwenye kujibana. Kant, katika kitabu chake cha 1785, angempandisha: tendo jema lenye uzito kabisa ni lile linalofanywa kwa wajibu wakati mwelekeo wote wa nafsi unavuta kwingine. Anayepita mbele ya nyumba ya mama pima akitetemeka na asiingie ana thamani ambayo mtu asiyependa pombe hawezi kuidai.

Wote wawili wana neno la kuchukua. Kant ana haki juu ya pombe: kila jioni isiyonywewa ni ushindi, na jirani anayesema "huyo bado ana kiu, hajaokoka" anasema upuuzi. Lakini Aristotle ana haki juu ya nyumba. Watoto hawawezi kuishi milele na baba anayejibana. Wanahitaji, siku moja, baba aliyetulia.

Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo, katika nchi inayoitwa leo Algeria, angewasaidia wahubiri wetu kuliko hao wawili. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alichokiandika akiwa tayari askofu, hasimulii tena alivyookoka. Anasimulia alivyo sasa: tamaa zinazomfuata ndotoni, ulaji, kupenda kusifiwa. Ni ushuhuda wa mwaka wa tatu, na zaidi. Na katika kitabu cha tisa amemwandika mama yake Monika, ambaye akina mama Wakatoliki wamemfanya mlinzi wa maombi yao kwa watoto walioharibika. Alipokuwa msichana alikuwa akitumwa kuchota divai kwenye pipa, akawa anaonja, kisha akawa anakunywa vikombe vizima. Kilichomwachisha hakikuwa malaika. Ni kijakazi aliyegombana naye na kumwita mlevi. Kanisa lina watakatifu wa namna hiyo kwenye kalenda na halina nafasi yao kwenye maikrofoni.

Jirani wa karibu zaidi ni Henry Rono, mwana wa Nandi. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 3,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, 5,000 na 10,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Pombe ikamla Marekani. Aliingia na kutoka vituo vya matibabu mara nyingi, akafanya kazi za kuosha magari na kubeba mizigo uwanja wa ndege. Baadaye alifundisha wakimbiaji, akaandika maisha yake mwaka 2007, akarudi Kenya 2019, akafariki Februari 2024. Watu husema kwamba mlevi hana nia. Nia ya mtu huyu ilipimwa kwa saa ya kupimia mbio, mbele ya dunia nzima.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko hesabu ilikolala. Nyumba ya mlevi hujifunza kuendeshwa bila yeye. Mama anaingia chama, anauza maziwa, anajua mwalimu mkuu anadai kiasi gani. Mtoto wa kwanza anajua kusikiliza hatua za miguu mlangoni na kuamua kama wadogo zake walale au wakimbie. Halafu baba anaacha pombe, na baada ya miezi miwili anataka kiti chake. Maziwa yameuzwa kwa nani? Pesa iko wapi? Mbona hukuniuliza? "Mama watoto, mimi nimeacha. Unataka nini tena?" Pasta naye amemhubiria kwamba ni kichwa cha nyumba.

Anachodai ni kuaminiwa, na anakidai kama kwamba kimo ndani ya msamaha. Hakimo. Msamaha mke anaweza kuutoa leo, kwa sababu ya imani yake mwenyewe. Kuaminiwa ni deni la mume, na linalipwa kwa mafungu. Msimu wa mavuno ndio kipimo: Trans Nzoia mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, pesa zinaingia mfukoni kuelekea Krismasi, na hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Mke anayeomba pesa za mahindi ziingie kwenye simu yake kwa msimu mmoja au miwili hamdharau mume. Amekumbuka tu.

Dini ziko upande wake. Wanazuoni wa Kiislamu wanapoeleza masharti ya toba hutaja kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Dhambi ikiwa imegusa haki ya mtu, wanaongeza sharti la kumrudishia. Zakayo, katika Injili ya Luka, hakuimba. Alisimama akataja nusu ya mali kwa maskini na malipo mara nne kwa aliowadhulumu. Wengi wanaotoa ushuhuda juu ya ng'ombe waliouza hawajawahi kumuuliza mke ng'ombe wale walikuwa wangapi.

Afrika Mashariki ilishakuwa na mahali pa kufanyia kazi hiyo. Uamsho wa Balokole, ambao watu wengi huanzisha habari zake na mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church pale Namirembe, Kampala, Septemba 1929, ulifika Kenya mwaka 1937. Nguvu yake haikuwa mikutano mikubwa peke yake. Ilikuwa ushirika wa kila wiki, watu wachache wanaojuana, ambapo mtu hakusimulia alivyookoka miaka kumi iliyopita bali alivyomfokea mkewe Jumanne. Walirudisha majembe na fedha walizoiba. Walikuwa na makosa yao. Kuingilia maisha ya watu lilikuwa mojawapo, na baadhi yao walikuwa na kiburi cha waliotakaswa. Lakini walijua kwamba Jumanne ipo.

Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale, watafiti walionyesha kwamba kazi hii haihitaji wataalamu wengi. Mradi ulioongozwa na mwanasaikolojia Rebecca Papas, pamoja na wenzake wa huko, uliwapa watu wa kawaida mafunzo ya kuongoza vikundi vya wagonjwa wa VVU wanaokunywa: vikao sita, kimoja kwa wiki, dakika 90 kila kimoja, na mazoezi ya kukataa kikombe. Matokeo ya jaribio lililohusisha watu zaidi ya 600 yalichapishwa mwaka 2021, nayo yalionyesha unywaji ukipungua kuliko kwa wale waliofundishwa tu mambo ya afya kwa jumla. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu zinazowapokea wanaoacha heroini zimechanganya hatua 12 na swala, na waliotangulia kupona ndio wanaowaongoza wapya. Parokia, msikiti au mkutano wa Friends una chumba, mabenchi na watu waliopitia. Kinachokosekana ni ruhusa ya kusema ukweli usiopendeza.

Ruhusa hiyo hutoka juu. Askofu, pasta, imamu na mzee wa kanisa wa Kitale na Bungoma wangeanza kwa kumpeleka mlevi wa siku nyingi hospitalini kwanza na kwenye maombi baadaye, au yote mawili pamoja, daktari akijua. Wangengoja kabla ya kumpa maikrofoni, na wangemuuliza mkewe, faraghani, kabla ya kumpa cheo. Wangefungua mlango jioni za katikati ya wiki, saa kumi na moja, na kuweka chai. Agosti ya tohara wangemtafutia mjomba aliyeacha mtu wa kuketi naye mbali na chungu ili asiikimbie sherehe ya mpwa wake. Na wangemwambia mbele ya wote kwamba kukosa raha hakumtoi kwenye wokovu, kisha wamwambie akiwa peke yake kwamba kupiga meza na kutukana watoto lazima kukome wiki hii. Simu ya NACADA ya 1192 haina malipo, nayo inaweza kupigwa na mke na watoto pia.